Uliza Mwalimu: Mtu wa mkono mmoja wa Mayo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ni muuguzi Castlebar, kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland. Amenitumia picha kutoka makumbusho ya kijiji cha Straide, ya mzee mwenye ndevu asiye na mkono wa kulia, Michael Davitt. Anasema hata daraja la kwenda kisiwa cha Achill lina jina lake. Alikuwa nani, na mkono ulikwenda wapi? – Mama wa watatu, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Kama kuna mtu wa Ulaya wa karne ya 19 ambaye ningependa kila mwanafunzi wetu amjue, ni huyo.

Davitt alizaliwa Straide tarehe 25 Machi 1846, njaa kuu ikiwa imekwisha ingia. Ugonjwa wa ukungu ulikuwa umeozesha viazi shambani, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Nafaka na mifugo vilikwenda kulipa kodi ya kabaila. Mwaka 1841 Mayo ilikuwa na watu zaidi ya 388,000. Miaka kumi baadaye walihesabiwa 274,000 na ushei. Leo hawafiki 140,000. Pengo lile halijazibwa mpaka sasa.

Mwaka 1850 wazazi wake walishindwa kodi, wakatolewa nyumbani. Wakaenda kuomba hifadhi kwenye nyumba ya maskini ya serikali, Swinford. Pale wakaelezwa sheria: mtoto wa kiume aliyezidi miaka mitatu hakai na mama yake. Michael alikuwa na minne. Mama yake, Catherine, akakataa palepale, akawachukua wanawe wakatoka. Hakuwa na chakula wala paa la kurudia, na bado alikataa. Mimi naona habari yote ya Davitt inaanza na uamuzi wa mama huyo, hata kama vitabu hupenda kuanza na mikutano ya wanaume.

Walivuka bahari wakahamia Haslingden, mji wa viwanda vya pamba huko Lancashire, Uingereza. Mtoto aliingia kiwandani akiwa na miaka tisa. Mei 1857, akiwa na 11, mashine ilimnasa mkono wa kulia ukasagika, ikabidi ukatwe. Msamaria mmoja wa mji ule akamsaidia kupata shule, na baadaye akaajiriwa posta.

Ujanani alijiunga na Wafenia, chama cha siri kilichotaka Ireland ijitawale hata kwa silaha. Alikamatwa London mwaka 1870, akahukumiwa miaka 15. Alitumikia saba na kitu, mingi yake katika gereza la Dartmoor, ambako mtu huyu wa mkono mmoja aliwekwa kuvunja mawe. Alitoka Desemba 1877. Muda si mrefu mavuno ya Mayo yakaharibika tena, na notisi za kufukuza wapangaji zikaanza kumiminika. Tarehe 20 Aprili 1879 maelfu ya watu walikusanyika Irishtown kupinga kodi. Agosti 16 mwaka huohuo, hotelini Castlebar, mji uleule alipo binti yako, wakaunda Jumuiya ya Ardhi ya Mayo. Kufikia Oktoba ilikuwa ya nchi nzima, mbunge Charles Stewart Parnell akiwa rais wake na Davitt mmoja wa makatibu.

Silaha yao kubwa ilikuwa kumtenga mtu. Karibu na Ballinrobe, kando ya ziwa Mask, aliishi Mwingereza Charles Boycott, maarufu kama Kapteni, msimamizi wa ardhi ya Lord Erne. Mwaka 1880 wapangaji waliomba kodi ipunguzwe kwa robo. Wakakataliwa, na Septemba zikaja notisi za kuwafukuza. Wanawake walimpokea mleta notisi kwa mawe, tope na samadi. Baada ya hapo kijiji kizima kikamkaushia kapteni. Vibarua wakaondoka, dobi akaacha, mhunzi akakataa kazi yake, maduka ya Ballinrobe yakagoma kumuuzia. Mazao yakabaki shambani. Ikabidi waletwe wavunaji 50 kutoka Cavan na Monaghan, wakilindwa na askari wapatao 1,000. Gharama ilikadiriwa kufika pauni 10,000, kuokoa mazao ya pauni 500 hivi! Mwisho wa Novemba kapteni na mkewe waliondoka. Jina lake la ukoo ndilo Waingereza wanalolitumia mpaka leo wakisema kususia.

Sheria ya 1881 iliweka mahakama za kupanga kodi, na ya 1903 ikatoa mikopo ili wapangaji wanunue mashamba. Davitt alitaka zaidi ya hapo: ardhi iwe ya taifa, kama sheria yetu ya 1999 inavyosema kuwa ardhi ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Wenzake wengi hawakumfuata. Naamini alikuwa na hoja nzito, kwa sababu mashamba yakishagawanywa kwa wapangaji, kibarua asiye na shamba hubaki palepale. Mwaka 1899 aliacha ubunge kupinga vita vya Uingereza dhidi ya Makaburu. Alifariki 30 Mei 1906 akazikwa Straide. Makumbusho aliyokwenda binti yako ni kanisa la zamani alimobatizwa Davitt, na kaburi lake liko jirani. Mwambie akirudi asilipite. Daraja la kwanza la Achill alilifungua mwenyewe mwaka 1887. La sasa ni la 2008.

SWALI: Mwalimu, huko Mayo hakuna wanawake mashujaa? – Mwanafunzi, Tanga

JIBU: Wapo. Katika karne ya 16 Gráinne O'Malley aliongoza merikebu na mabaharia wa pwani ile, ngome zake zikiwa Clare Island na Rockfleet. Gavana wa Kiingereza, Richard Bingham, alipomkamata mwana wa Gráinne, mama huyo alisafiri kwa bahari hadi Uingereza na mwaka 1593 akaonana ana kwa ana na Malkia Elizabeth I. Mwanawe akaachiliwa. Kwa mwingine nakupeleka kwenye swali linalofuata.

SWALI: Ni kweli Mary Robinson, aliyekuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa huku kwetu Maziwa Makuu, ametoka Mayo? – Msomaji, Bukavu

JIBU: Kweli kabisa. Alizaliwa Ballina tarehe 21 Mei 1944, wazazi wake wote madaktari, na mwaka 1990 akachaguliwa kuwa rais wa kwanza mwanamke wa Ireland. Oktoba 1992 alikwenda Somalia katikati ya njaa, akaona wagonjwa na watoto kwa macho yake, kisha akaja Nairobi kuzungumza na waandishi wa habari. Pale hisia zilimzidi mbele ya kamera. Wapo waliosema rais hapaswi kuonekana hivyo. Mimi namheshimu kwa hilo.

Kaunti yake ina kumbukumbu ya ziwa Doolough. Mwishoni mwa Machi 1849 mamia ya watu wenye njaa wa Louisburgh waliambiwa waende Delphi Lodge kukaguliwa na wakuu wa misaada. Walitembea kilometa karibu 19 katika baridi kali, wakafika, wakarudishwa mikono mitupu. Wengine walifia njiani kando ya ziwa. Waliokuzwa na habari kama hizo hawaoni njaa ya Baidoa, Somalia, kuwa ya watu baki.

Mwaka 1994 alikwenda Rwanda baada ya mauaji ya kimbari. Kuanzia 1997 hadi 2002 alikuwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, na Machi 2013 akateuliwa mjumbe wa Maziwa Makuu, kusimamia mkataba wa amani ya Kongo uliosainiwa Addis Ababa mwezi mmoja kabla na nchi 11. Alisisitiza wanawake wa Kongo, Rwanda na Burundi wasikilizwe katika mazungumzo yale. Wewe uliyeko Bukavu unajua kuliko mimi ni kiasi gani cha ahadi zile kimetimizwa. Niandikie, nitachapisha barua yako hapa.