Sio kuomba, ni kudai
Hapana ndugu, ukisema nchi maskini zinaombaomba tu hela za kukabili mabadiliko ya tabianchi unakosea sana, cheki mafuriko ya Pakistan 2022, watu kama milioni 33 waliathirika na nchi yenyewe inatoa chini ya asilimia 1 ya hewa chafu ya dunia, ile inayoongeza joto na kuzidisha majanga kama haya, sasa mkulima aliyesombewa mifugo na mbegu za msimu ujao yeye alichafua nini? Nchi tajiri ziliahidi kuzipa nchi maskini dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020, zikaja kutimiza 2022, tena nyingi mikopo!! Yaani wanakubomolea nyumba halafu wanakukopesha ya kujengea. Ule mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi zilizopigwa na majanga ya tabianchi, waliokubaliana COP27 (mkutano wa UN wa tabianchi wa 2022) utoe ruzuku, sio mikopo, na hela zifike kijijini zisiishie wizarani.