Drive, OneDrive, Dropbox au Mega: sekondari ya kutwa ichague ipi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nafundisha Biolojia kidato cha tatu na cha nne katika sekondari ya kutwa hapa Morogoro, wanafunzi kama 190. Notsi na mitihani ya zamani natuma kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, lakini baada ya wiki mbili watu wanaanza kuomba tena faili lile lile. Mkuu wa shule ameniagiza nilete pendekezo la huduma moja ya kuhifadhi na kugawana mafaili mtandaoni. Nimelinganisha nafasi za bure: Dropbox GB 2, OneDrive GB 5, Google Drive GB 15, Mega GB 20. Je, Mega ndiyo mshindi? Maabara yetu ina kompyuta 16 za msaada na rauta ya laini ya simu. Na je, kuna haja ya kulipia?

JIBU: Mwalimu, salama kabisa. Nafasi ni kitu cha mwisho kuangalia. Notsi zilizochapwa pamoja na michoro yake ya seli na mfumo wa mmeng'enyo hazitakujazia hata hizo GB 5. Kinachojaza ni video, na video kwa wanafunzi wako ni mjadala mwingine.

Cha kuanza nacho ni hiki: mzazi wa Kihonda akibofya kiungo chako saa mbili usiku, kwenye simu ya bei ya chini yenye salio dogo, nini kinatokea? Usikisie. Azima simu ya namna hiyo, fungua kivinjari kwenye dirisha la faragha ili akaunti ya mwenye simu isikusaidie, kisha bofya kiungo cha kila huduma. Google Drive ukiiwekea ruhusa ya mtu yeyote aliye na kiungo, faili la PDF linafunguka bila kudai akaunti. OneDrive ni vivyo hivyo. Dropbox nayo inafungua, ila kwanza itamshawishi mzazi ajisajili, na wengine wataishia hapo wakidhani ni lazima.

Mega inafungua pia, lakini ina mambo mawili yanayonifanya nisiipendekeze kwa darasa. Mafaili yake husimbwa, yaani hugeuzwa yasisomeke bila ufunguo, na ufunguo wa kuyafungua umo ndani ya kiungo chenyewe, kwenye mkia ule mrefu wa herufi. Mtu akinakili kiungo nusu, faili halifunguki na hatajua kwa nini. Pili, mtumiaji wa bure ana kikomo cha kiasi anachoweza kupakua kwa kipindi fulani, na kikomo hicho kinahesabiwa kwa anwani ya mtandao. Kompyuta zako 16 zinatoka kwa rauta moja, kwa hiyo Mega inaziona kama mtu mmoja. Mkondo wa kwanza ukipakua sana, mkondo wa pili wanaweza kukuta mlango umefungwa. GB 20 hazina msaada hapo.

Kuna jambo ambalo jedwali la kulinganisha huduma haliwezi kukuonyesha, nalo ni aina ya bando. Wazazi wengi hununua vifurushi vya mitandao ya kijamii kwa sababu ni nafuu. Kifurushi kikishafungwa kwa WhatsApp peke yake, faili ulilotuma ndani ya WhatsApp linashuka, lakini kiungo cha Drive hakifunguki mpaka mzazi awe na bando la intaneti la kawaida. Kwa hiyo usiiue WhatsApp. Iache iendelee kubeba, na Drive iwe ghala. Notsi za wiki zitume kama faili kwenye kundi, na katika maelezo ya kundi weka kiungo kimoja tu cha folda kuu, kisibadilike mwaka mzima. Anayeuliza "notsi za jenetiki ziko wapi" ataelekezwa huko, nawe hutumi upya.

Punguza uzito wa mafaili kabla hujafikiria huduma yoyote. Hapa ndipo walimu wengi wanapowaumiza wazazi bila kujua. Kurasa 20 za daftari zilizopigwa picha za rangi kwa simu na kuunganishwa kuwa PDF zinaweza kufika MB 30. Wanafunzi 190 wakipakua, ni GB 5.7 zimetoka kwenye bando za familia kwa somo moja. Skani kurasa hizo hizo kwa nyeusi na nyeupe, uzishushe hadi MB 2, na jumla inakuwa MB 380. Ukizichapa, inashuka zaidi, na mwanafunzi anaweza kutafuta neno ndani yake. Mimi ningemwomba mkuu wa shule aweke kanuni: faili la notsi lisizidi MB 3. Kanuni hiyo itasaidia kuliko huduma yoyote mtakayochagua.

Kukusanya kazi za wanafunzi ni upande wa pili, na hapo huduma zinatofautiana kweli. Fomu za Google zina sehemu ya kupakia faili, lakini anayepakia lazima awe ameingia kwenye akaunti ya Google. Google Classroom nayo inataka akaunti kwa kila mwanafunzi. Dropbox ina kipengele cha kuomba mafaili: unatuma kiungo, mtu anapakia kazi yake bila akaunti yoyote, na haoni kazi za wenzake. Ni kipengele kizuri mno, ila kazi zote zinaingia kwenye GB 2 zako. OneDrive ya shule inacho pia, kama msimamizi hajakizima, lakini OneDrive ya binafsi haina. Kwa shule ya kutwa ambayo mwanafunzi hana simu darasani, nakushauri kazi za nyumbani zibaki kwenye daftari kwanza. Kupiga picha daftari kwa simu ya baba na kuipakia ni kazi ya ziada, na faida yake kwa somo siioni.

Sasa umiliki, ambao ndio utakaoamua pendekezo lako. Ukiweka kila kitu kwenye akaunti yako binafsi ya Gmail, hiyo ni Drive yako, si ya shule. Ukihamishiwa Kilosa mwezi Januari, mwalimu atakayekurithi ataanza kukupigia simu. Isitoshe, zile GB 15 zinagawanywa kati ya Drive, Gmail na picha zako za Google; zikijaa, hata barua pepe zinaacha kuingia. Na akaunti ya Google isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo.

Dawa ni akaunti ya taasisi. Google hutoa toleo la msingi la elimu bila malipo kwa shule zinazokidhi vigezo, pamoja na nafasi ya TB 100 (TB moja ni kama GB 1,000) ya kutumiwa na taasisi nzima. Ndani yake kuna hifadhi za pamoja, ambazo mafaili yake ni mali ya shule hata mwalimu akiondoka. Microsoft nao wana toleo lao la bure la shule liitwalo A1, na mafaili ya pamoja hukaa kwenye Teams, programu yao ya kazi za pamoja, badala ya OneDrive ya mtu. Zote mbili zitaomba uthibitisho kwamba ninyi ni shule, na Google inataka pia kikoa chenu wenyewe, yaani jina la shule kwenye intaneti. Kwa Tanzania shule husajili chini ya sc.tz. Kama ofisi yenu tayari inaishi kwenye Word na Excel na barua pepe za Microsoft, chukueni A1. Kama mnaanza sifuri, ningechukua Google, kwa sababu simu nyingi za Android tayari zina Drive ndani na mzazi haongezi programu.

Kuhusu maabara, angalieni kwanza kompyuta hizo za msaada zinatumia Windows gani. Kivinjari cha Chrome kiliacha kuhudumia Windows 7 mwanzoni mwa 2023, na programu ya Drive ya kompyuta inataka Windows 10 au ya juu zaidi. Ikiwa 15 ni za zamani na moja tu ni mpya, hiyo moja inatosha: iwekeni programu ya Drive, mchague mafaili yakae kwenye kompyuta yenyewe badala ya kuvutwa kila yanapofunguliwa, kisha folda hiyo igawanywe kwa kompyuta nyingine kwa mtandao wa ndani, kwa ruhusa ya kusoma tu. Faili linashuka kutoka intaneti mara moja, na 15 zinalisoma bila kugusa bando. Pia mkongo ukikatika, kipindi kinaendelea. Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki yote.

Dropbox ina ujanja wa kuvuta faili kutoka kompyuta jirani kwenye mtandao huo huo, lakini akaunti ya bure imewekewa kikomo cha vifaa 3 tangu 2019. Kwa maabara haifai.

Kuna mafaili ambayo hayapaswi kupewa kiungo cha kila mtu hata siku moja: matokeo yenye majina, picha za wanafunzi, taarifa za afya, namba za wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika nchini Mei 2023, na shule haijasamehewa. Kwa majirani zetu Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya Sh 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hifadhini vitu hivyo kwenye folda tofauti, ruhusa kwa majina ya watu, na mkuu wa shule aijue orodha hiyo.

Kulipia nafasi, hapana. Lipieni ada ya mwaka ya kikoa, na bando la uhakika la rauta. Fedha ikibaki, nunueni diski ya nje na mnakili folda nzima kila mwisho wa muhula, kwa sababu faili likifutwa kwenye Drive hukaa kwenye pipa la taka siku 30, kisha linaondoka, na likizo ya Desemba inatosha kabisa kuzimaliza siku hizo kabla mtu hajagundua.