Hilo 6 lifute kabla hujaingia kwenye usaili

Futa kwanza, mkuu. Kwenye swali lako la mazoezi umeandika: stoo ina viazi na mahindi kwa uwiano wa 1:2, yakaongezwa magunia 12 kila upande, uwiano ukawa 3:5. Halafu ukasema viazi vimetoka 1 hadi 3, kwa hiyo sehemu 2 ni magunia 12, sehemu 1 ni 6. Haya, jumlisha: 6 na 12 vinakuwa 18 na 24. Hiyo ni 3:4! 3:5 iko wapi?

Imeniuma maana njia hiyo hiyo niliilipia twisheni pale Mwanjelwa, Mbeya, mwezi mzima, kwenye chumba cha bati ambacho mvua ikinyesha husikii kitu (bora nisingesikia kabisa). Ticha alikuwa na mfano mmoja tu: 3:5, ongeza 10 kila upande, inakuwa 5:7. Sehemu 2 ni 10, basi 15 na 25. Sahihi! Hakutuambia imekubali kwa sababu tofauti ya sehemu ni 2 kabla (5 toa 3) na 2 baada (7 toa 5). Sidhani kama mwenyewe alijua. Ada yetu lakini aliihesabu bila kukosea.

Nikapanda basi hadi Dodoma kwenye usaili. Maswali matatu ya namna hiyo, na lile jibu la kijinga limekaa kwenye chaguo A linanisubiri. Watunga maswali wanatujua, aisee. Nilimaliza mapema, nikatoka kununua karanga kwa mbwembwe. Nikakosa kwa alama mbili. Sasa nauza viazi Uyole na shangazi, uwiano wa magunia nausoma kwa vitendo.

Ukiongeza sawa pande zote, uwiano unabadilika, tofauti ya magunia haibadiliki. Kwako tofauti ya sehemu ni 1 mwanzo, 2 mwisho. Zilinganishe: 1:2 iandike 2:4, tofauti nayo iwe 2. Sasa 2:4 inakuwa 3:5, viazi vimepanda sehemu 1, ndiyo hiyo 12. Viazi 24, mahindi 48. Ongeza: 36 na 60. Hiyo ndiyo 3:5. Umri wa mama na mtoto ni hivyo hivyo. Swali likihamisha magunia kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kisichobadilika ni jumla, linganisha jumla.

Uliuliza na vitabu, sijui na dakika ngapi kwa swali. Hayo baadaye. Fanya hili: viazi na mahindi 2:5, ongeza magunia 9 kila upande, inakuwa 1:2. Ukiniletea viazi hasi 18 nitajua bado uko na yule ticha.