Napaka rangi kucha, nataka kurusha ndege

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, napaka rangi kucha kwenye saluni karibu na stendi ya Moshi. Nilimaliza kidato cha sita, mchepuo wa sayansi. Tangu utotoni kule Kibosho, nikisikia ndege inashuka KIA naacha kuchuma kahawa niitazame. Nataka urubani. Kaka yangu anacheka mpaka machozi, mama anaogopa nitakufa, baba yuko tayari kuuza kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo. Tena navaa miwani. Nimechelewa?
Mpaka Kucha, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Jina ulilojipa limenichekesha, maana barua yako niliifungua usiku nikakaa nayo mpaka kucha kweli.

Unaye mwenzako wa kazi. Bessie Coleman alizaliwa Texas, Marekani, mwaka 1892, akakulia mashamba ya pamba, kisha Chicago akawa anatengeneza kucha za wanaume kinyozini. Naye alikuwa na kaka mcheshi. Huyo John alirudi kutoka vitani Ufaransa akawa anamtania: wanawake wa kule wanarusha ndege, ninyi mtaweza wapi! Bessie akalishika neno. Shule za urubani za kwao zikamkataa, mwanamke, halafu mweusi. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamshauri aende huko huko Ufaransa.

Hapa ndipo ninapompendea: hakukimbilia meli. Alikaa darasani kwanza akajifunza Kifaransa, akadunduliza. Novemba 1920 akavuka bahari, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni ya kimataifa, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Alikuwa na miaka 29. Habari ya kuchelewa tuiache hapo.

Sasa kihamba. Baba asiuze hata mgomba mmoja kabla hujaenda kwa daktari anayetambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Rubani wa biashara anahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza. Miwani haikuzuii, mradi ukiivaa unaona inavyotakiwa. Watakupima pia kutofautisha rangi, na hapo kwako sina shaka. Kiingereza nacho kinoe. Safari za kimataifa zinadai angalau daraja la 4 kati ya 6. Kisha uulize bei ya saa moja ya mafunzo ya kuruka, uzidishe mara 200 hivi, maana ndizo saa anazotakiwa kuruka rubani wa biashara, ndipo uketi na baba. Mimi naona kipande cha kihamba hakitatosha, na ardhi ya mababu ikiondoka hairudi. Tafuta ufadhili kwanza.

Mama usimdanganye. Bessie alikufa Jacksonville tarehe 30 Aprili 1926. Fundi wake ndiye aliyekuwa akirusha, yeye amefungua mkanda ili achungulie chini. Spana ikakwama kwenye mitambo ya kuongozea, ndege ikapinduka, akaanguka.

Mimi niliwahi kuruka kutoka Kisongo, Arusha, kwenda Seronera kule Serengeti kwenye kale kandege kadogo, nikatapika njia nzima, aibu yangu. Rubani alikuwa binti wa rika lako. Kabla hatujapanda, aliizunguka ndege ile taratibu, akigusa huku, akiinama kule, na abiria mmoja mzee akaguna kwamba anatuchelewesha. Hakugeuka hata kumtazama. Mhadithie mama habari za binti huyo.

Kaka muache acheke. Majibu ya daktari yakitoka, niandikie.