Maswali yenu: Ukumbi wa mtandaoni wa kinyago cha mapiko

Maswali mengi ya safari hii yanahusu jambo moja: kujenga ukumbi wa maonyesho mtandaoni kwa ajili ya kinyago cha mapiko, kile cha ngoma ya Wamakonde.

Je, nijenge kuta nyeupe na kabati la kioo katikati?

Usijenge. Makumbusho wanahitaji kioo kwa sababu ya vumbi, wadudu na mikono ya wageni. Mtandaoni hakuna vumbi wala wadudu, kwa hiyo kioo kinabaki kuwa kizuizi kisicho na kazi. Na lipiko, yaani mchezaji aliyevaa kinyago, haingii uwanjani kimyakimya. Ngoma humwita kwanza, watu huimba, ndipo anatokea akiwa amefunikwa nguo kuanzia shingo ya kinyago, njuga zikilia kwa kila hatua. Ngoma ikikata, naye anakata papo hapo.

Anza na uwanja basi. Mweke mgeni katikati ya watazamaji, kamera iwe kwenye urefu wa macho ya mtu aliyesimama, kama mita 1.6, na asikie ngoma upande zinakotoka kabla hajaona chochote. Kinyago kije baadaye, na kisisimame wima kama sanamu ya kichwa. Mchezaji hukivaa kama kofia kikiwa kimelalia nyuma kidogo, naye huchungulia kupitia mdomo wake. Ukikisimamisha wima, umeshaharibu sura.

Modeli yangu ya 3D ya kinyago nimeipaka weusi wa mpingo unaong'aa. Iko sawa?

Haiko sawa, na swali hili limerudiwa mno. Mpingo ni mzito hata majini unazama. Nani atacheza nao kichwani? Mapiko huchongwa kwa mti mwepesi, kisha hupakwa rangi. Mpingo ni wa sanamu za kuuza. Tazama kinyago chenyewe kwanza kabla hujafungua kompyuta.

Nimepiga picha 60, lakini nywele zimetoka kama donge la tope. Nimekosea wapi?

Nywele za vinyago hivi mara nyingi ni za binadamu, zimebandikwa. Fotogrametria, yaani kujenga modeli kutokana na picha nyingi, hutafuta alama zilezile kwenye picha tofauti, na unywele ni mwembamba mno, tena hubadilika kila ukisogea. Ongeza picha: zipishane kwa asilimia 70 hadi 80, uzunguke kinyago mara tatu kwa urefu tofauti, taa ziwe laini, flashi uizime. Chale za usoni zilizotengenezwa kwa nta zitang'aa na kuichanganya programu. Weka kichujio cha polaraizi, kinachopunguza mng'ao, kwenye taa na kwenye lenzi.

Baada ya hapo nywele zijenge upya kwa mkono ndani ya Blender, programu ya kuchora modeli za 3D, na uandike kwenye maelezo kwamba umezijenga wewe. Mgeni ana haki ya kujua kipi ni kinyago na kipi ni kazi yako. Modeli ya kutazama ipunguze hadi pembetatu laki moja hivi, uihifadhi kwa glTF, muundo wa faili za modeli za 3D.

Je, ni lazima wageni wawe na miwani ya uhalisia pepe?

Hapana. Jengea simu ya kawaida yenye bando dogo.

Nitumie kinanda cha taratibu kama muziki wa nyuma?

Hapana. Mapiko yana ngoma zake na wapigaji wake. Warekodi, walipe, waandike majina.

Nataka mgeni akibofya, kinyago kivuliwe aone aliyevaa. Naanzaje?

Anza kwa kuuliza wenyewe. Nani yumo ndani ya nguo ile ni siri ya wanaume waliopita jandoni. Kwa desturi, wanawake na watoto walitakiwa kumwona lipiko kama mzimu aliyekuja kuwatembelea. Mtaniambia siku hizi kila mtu anajua. Kujua ni jambo moja, kutangaza dunia nzima kwa kitufe ni jingine.

Uamuzi huu si wako, wala si wa makumbusho. Nenda Newala, nenda Mtwara, au vuka Ruvuma hadi Mueda, Msumbiji, ukae na wazee wa ngoma kabla hujapiga picha ya kwanza. Kaa na wanawake pia, maana nao huimba na mara nyingi hawaulizwi kitu. Wakikataa, sehemu hiyo isiwepo kabisa. Hata kufuli usichore, kwa sababu litamchokoza mgeni. Na kama mradi ni wa biashara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inagusa sanaa za jadi, kwa hiyo fika Baraza la Sanaa la Taifa mapema. Ninawaona wengi wakipeleka kazi kwa wazee ikiwa imekwisha. Hapo hawaulizi, wanataarifu.

Faili la modeli liwe la kupakua bure? Elimu ni ya wote.

Mwaka 1984 vitu 17 viliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kimojawapo kinyago cha Wamakonde. Kilikuja kuonekana katika makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva. Madai yalianza 1990, na kinyago kikarudishwa 2010. Miaka 20, kwa kitu kimoja ambacho kila mmoja alijua kiko wapi. Faili likishapakuliwa na watu elfu moja, utamdai nani?

Weka mtandaoni modeli nyepesi ya kutazama tu. Faili kamili libaki na makumbusho, na nakala moja iwe mikononi mwa kikundi cha ngoma. Liambatane na jina la mchongaji, kijiji na mwaka. Pasipojulikana, andika "hajulikani". Na kama kinyago unachotaka kupiga picha hakina maelezo ya namna kilivyofika hapo kilipo, weka kamera chini ukatafute maelezo hayo kwanza.