Mlipe, lakini mjaribu kwanza

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama umlipe yule mchoraji mzoefu awe anakaa nawe peke yako mara mbili kwa mwezi, mkipitia kazi zako, au hela hiyo uinunulie rangi na turubai. Najua umeniuliza mimi kwa sababu fremu za wachoraji wengi wa hapa Dar zimepita mikononi mwangu. Jibu langu ni kwamba umlipe, lakini umjaribu kwanza.

Ufundi unao. Kuchanganya rangi unajua, na mwanga wa jioni wa pale kivukoni unaupatia kuliko watu waliokutangulia. Kinachokusumbua ni kingine, na nilikiona nilipokuwa nawamba zile picha zako za Soko la Samaki Feri. Nilizitandaza sakafuni zote kwa pamoja, nikaona kwamba wale akina mama wote, wakaangaji na wauza pweza, hawana mikono. Mmoja kaificha ndani ya kanga, wa pili imezibwa na karai, wa tatu imepotelea kwenye moshi wa mafuta. Ukitazama picha moja moja hulioni hilo. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hapati nafasi ya kutandaza kazi zako zote hivyo akakuuliza mikono imekwenda wapi. Huyo mnayemwita kocha, hiyo ndiyo kazi yake hasa.

Tena nataka akuulize tu, asikuelekeze kwamba mkono unachorwa hivi na hivi. Huenda unaikwepa mikono kwa woga wa kukosea. Huenda pia mikono haikuhusu, unachotafuta ni zile nyuso. Mwenye jibu ni wewe. Ukishalisema, ndipo akupe kazi: nenda Feri alfajiri mnada ukiwa umechangamka, wiki nzima chora mikono tu kwa penseli, ya waparuaji magamba na ya wanaohesabu noti zilizolowa. Mkikutana tena mnaongelea ulichokiona kule. Lakini siku atakapochukua brashi yako na kuanza kurekebisha picha yako, mshukuru na uondoke.

Nasema hivyo kwa sababu ya mambo tuliyoyaona hapa hapa mjini. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968, kwenye hadibodi, kwa rangi za kung'aa, bila kupita chuo chochote cha sanaa. Vijana wake, wengi wao ndugu zake, walijifunza kwa kukaa pembeni yake na kumtazama. Alipouawa kwa risasi mwaka 1972, hao ndio walioibeba kazi, na mpaka leo kule Oysterbay kuna familia zinazoishi kwa hiyo brashi. Naiheshimu sana njia ile, imelisha watu na imesomesha watoto. Ila ni njia ya kurithi mkono wa mtu mwingine. Mtalii akishazoea kununua picha za tembo wa namna fulani, mchoraji anakosa sababu ya kuchora kitu kingine. Mtazame kwa upande mwingine George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005. Alianza na uchongaji wa Kimakonde, akapitia Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii kilichokuwa hapa mjini, akageukia rangi, na wale mashetani wake wenye masikio makubwa ukiwaona popote unajua ni wake. Nakutakia ufike huko, picha yako itambulike kabla mtu hajasoma sahihi.

Kwa hiyo mwombe yule bwana akuonyeshe kazi za watu aliowahi kuwalea. Zikifanana na zake, au zikifanana zenyewe kwa zenyewe, basi anazalisha nakala, achana naye. Nenda pia Nafasi Art Space pale Mikocheni, ongea na wachoraji wenye studio kwenye yale makontena. Waulize nani aliwasaidia na kwa namna gani. Wachoraji wakiulizwa vizuri husema ukweli, na kuuliza hakulipiwi.

Mkikubaliana, muandikishane. Bei ya kikao, saa zake, na kwamba baada ya vikao vitatu kila mmoja yuko huru kuacha. Asilimia ya mauzo yako asiiguse, maana akishakuwa na fungu kwenye mauzo atakusukuma kwenye kinachouzika haraka, na hapo umerudi kwa tembo wa mtalii.

Siku ya kikao usimpelekee picha nzuri peke yake. Peleka na zile ulizozigeuzia ukutani, na madaftari ya michoro ya penseli, hata yenye madoa ya chai. Nenda na swali moja linalokukera. Usiku ule ule andika mlichozungumza, kabla hakijachanganyika na mengine ya kazini.

Mambo ya bei na wateja atakusaidia kidogo, na ni sawa. Kuchora hatakuchorea mtu. Wewe unatoka ofisini Posta, unakaa kwenye foleni mpaka Mbagala, unafika umechoka. Ukimwita kocha bila kuwa na picha mpya utamlipa kwa maongezi. Tenga asubuhi mbili za wiki kwanza, uzishike kwa mwezi mzima, ndipo upange naye tarehe.

Kuhusu hela, vikao vitatu vya kwanza nitalipa nusu, na turubai chukua kwangu. Nusu nyingine toa mwenyewe, maana nataka uwe na haki ya kumwambia hapana bila kunifikiria mimi. Nitumie bei yake ukishaongea naye.

Baba yako