Kabichi zilizodumaa Julai: ni baridi au ni wadudu?

SWALI: Bwana shamba, nina bustani ya kabichi na sukuma wiki Chamwino, ninayomwagilia kwa maji ya kisima. Nilihamisha miche mwanzoni mwa Juni. Sasa imedumaa, majani ya katikati yamejikunja na ndani yake mna wadudu wadogo kama waliopakwa majivu, na mengine yametobolewa. Napiga dawa ileile kila wiki bila mafanikio. Je, nitafute iliyo kali zaidi?

JIBU: Baridi ya Dodoma, ambayo usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi joto 13 au 14 hivi, haiui kabichi, zao hili hata huipenda. Kinachoumiza miche yako ni upepo mkavu wa msimu huu, unaokausha udongo na majani kwa pamoja. Panga mabua ya mtama au uwele upande upepo unakotokea, kabla mifugo haijayamaliza, kisha tandaza nyasi kavu kuzunguka mashina na umwagilie asubuhi, kwa sababu majani yanayolala na maji hukaribisha magonjwa.

Wadudu wa rangi ya majivu ni vidukari wa kabichi. Majike huzaa bila kupandwa, na kwa kuwa hakuna mvua ya kuwaosha, kundi dogo hujaza jani lote kwa siku chache. Miili yao imefunikwa na nta, ndiyo maana dawa uliyochanganya na maji matupu huteleza kama maji juu ya jani la yugwa, nawe ukadhani dawa ni dhaifu. Changanya vijiko vinne vya mezani vya sabuni ya maji, isiyo na jiki, katika bomba la lita 15, jaribu kwanza kwenye majani machache, na baada ya siku mbili, yasipoungua, pulizia jioni ukielekeza mdomo wa bomba chini ya majani na ndani ya mikunjo. Sabuni huua mdudu iliyemlowesha tu, hivyo rudia baada ya siku nne au tano. Ukiona vidukari waliovimba, wakavu, wenye rangi ya kahawia, waache: ndani yao mna nyigu wadogo wanaokufanyia kazi bila malipo.

Kuhusu matundu, geuza jani. Ukikuta kiwavi wa kijani ambaye ukimgusa hufurukuta akirudi nyuma na kuning'inia kwa uzi, huyo ni nondo mgongo wa almasi. Mdudu huyu ni mashuhuri kwa kuzoea dawa, na kupiga ileile kila wiki ndiyo njia ya haraka ya kumfundisha. Tumia dawa ya kibiolojia yenye bakteria Bacillus thuringiensis wakati viwavi wakiwa wadogo, nayo pia jioni, kwani jua huiharibu. Haigusi vidukari, kwa hiyo usiitegemee kwa yote mawili.

Kwa dawa uliyokwisha kupiga, soma kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Sukuma wiki huchumwa mara kwa mara, na hapo ndipo wakulima wengi hukosea. Visiki vya kabichi za zamani ving'oe na kuvifukia, maana vikichipua upya ndiko vidukari wanakoisubiri miche ya Agosti.